Mafuta ya kunukia nyumbani: Soma lebo, hesabu matone, weka mbali na mtoto

Kila mwaka baridi inapoingia Laikipia, kati ya Juni na Agosti, kuna chupa fulani ndogo inayorudi kwenye meza za nyumba nyingi. Mzazi ameinunua kwa ajili ya mafua ya mtoto. Kijana ameitafuta kwa sababu ya chunusi. Mzee anaitaka kwa jino linalomnyima usingizi. Ndani yake huwa mna mafuta ya mkaratusi, titrii, karafuu, mchaichai au lavenda, na yote huuzwa kwa sifa moja: ni ya asili, kwa hivyo hayana madhara.

Sehemu ya kwanza ya sifa hiyo ni kweli. Mafuta haya hutoka kwenye mimea. Sehemu ya pili si kweli, na ndiyo inayowafikisha watoto hospitalini. Chupa ya mililita 10, ambayo haizidi kidole gumba kwa ukubwa, hubeba takriban matone 200. Kwa mtu mzima anayejua kupima, matone hayo yanaweza kutumika kwa miezi kadhaa. Lakini mtoto wa miaka miwili akimeza nusu ya chupa hiyo ya mafuta ya mkaratusi, hiyo ni dharura ya kumkimbiza hospitalini.

Makala haya yanaeleza namna ya kuyatambua mafuta ya kunukia, kuyanunua bila kupunjwa, kuyatumia kwa kipimo, na la kufanya ajali inapotokea.

Si mafuta ya kupikia

Watu wengi husikia neno "mafuta" wakafikiria alizeti, nazi au simsim. Mafuta hayo hukamuliwa kutoka kwa mbegu au matunda, ni mazito, na mtu anaweza kuyala. Mafuta ya kunukia ni kitu kingine kabisa. Mara nyingi hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au maganda yaliyojazwa ndani ya pipa kubwa. Mvuke hubeba harufu ya mmea, hupozwa kwenye bomba, kisha maji na mafuta hutengana. Mafuta ya limau na chungwa kwa kawaida hukamuliwa kutoka kwenye maganda.

Kinachopatikana ni kidogo sana. Kwa titrii, kilo 100 za majani hutoa kilo 1 au 2 tu za mafuta. Kwa waridi, huhitajika tani kadhaa za petali ili kupata kilo moja. Ndiyo maana tone moja lina nguvu isiyolingana hata kidogo na jani moja ulilolifikicha mkononi. Anayekunywa chai ya mchaichai amepata harufu kidogo ndani ya maji mengi. Anayekunywa kijiko cha mafuta ya mchaichai amemeza nguvu ya rundo la majani kwa mkupuo mmoja.

Wakazi wa maeneo ya Nanyuki wanalifahamu hili kwa karibu, kwa kuwa wako wakulima wadogo wanaolima titrii na kuuza majani yake kwa ajili ya kukamuliwa mafuta. Titrii ni mti wenye asili ya Australia na hauhusiani na mchai unaotupatia majani ya chai, ingawa majina ya miti hiyo kwa Kiingereza yanakaribiana. Sehemu kubwa ya mafuta hayo husafirishwa ng'ambo kwa watengenezaji wa sabuni na vipodozi. Huko hayapakwi mwilini jinsi yalivyotoka kwenye mtambo. Huchanganywa kwa asilimia ndogo, na mafuta yenyewe hupimwa kwenye maabara kwanza. Kwa mfano, kiwango cha kimataifa cha ISO 4730 kinataka kiambato kikuu cha titrii, terpineni-4-oli, kisipungue asilimia 35. Kama kiwanda kinapima hivyo, nasi nyumbani hatuna budi kupima.

Kabla ya kulipa, soma lebo

Chupa nzuri ya mafuta ya kunukia huwa ya glasi nyeusi au ya kahawia, kwa sababu mwanga huyaharibu na baadhi ya plastiki huyeyushwa nayo. Mdomo wake huwa na kizibo kinachotoa tone moja moja. Mafuta yanayouzwa kwenye chupa ya soda au ya maji yaepukwe kabisa. Licha ya kuharibika upesi, mtoto akiiona chupa ya soda hunywa kilichomo.

Kwenye lebo, tafuta mambo haya:

- Jina la kisayansi la mmea. Titrii iandikwe Melaleuca alternifolia, karafuu Syzygium aromaticum, na lavenda Lavandula angustifolia. Mkaratusi una aina nyingi, na ile ya kawaida kwa mafuta ni Eucalyptus globulus. Palipoandikwa tu "mafuta ya lavenda" au "harufu ya waridi", huenda ni manukato ya kutengenezwa kiwandani.
- Ikiwa ni mafuta halisi au yamechanganywa tayari. Yaliyochanganywa na mafuta ya kawaida si haramu na huenda hata yakawa salama zaidi, mradi lebo iseme hivyo na bei iwe ya mchanganyiko.
- Ujazo, nambari ya toleo, tarehe ya mwisho ya kutumia, na jina na anwani ya aliyetengeneza.
- Maonyo: yasimezwe, yawekwe mbali na watoto, yasipakwe bila kuchanganywa. Muuzaji asiyeandika onyo lolote hakujali usalama wako.
- Alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Jihadhari pia na maneno matamu. Chupa nyingi huandikwa kwamba mafuta ni ya "daraja la tiba". Hakuna chombo rasmi kinachotoa daraja hilo; ni maneno ya kuvutia wateja. Na bidhaa inayodai kutibu ugonjwa, iwe pumu, kisukari au shinikizo la damu, ni dawa mbele ya sheria. Inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Mwuze mwenye duka la dawa nambari ya usajili. Kama hana, usinunue.

Bei nayo husema mengi. Haiwezekani chupa ya waridi halisi iuzwe kwa bei moja na ya mkaratusi. Pale ambapo mafuta yote mezani yana bei moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba baadhi ni manukato tu.

Ukishanunua, kuna jaribio rahisi la nyumbani. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uiache hadi kesho yake. Mafuta mengi ya kunukia hupeperuka na kuacha karatasi kavu, pengine na doa la rangi. Likibaki duara linalong'aa kama karatasi iliyofunga maandazi, basi yamechanganywa na mafuta ya kawaida. Jaribio hili halina uwezo wa kugundua kemikali nyingine, lakini hufichua ulaghai ule ulio wa kawaida.

Tone kwa kijiko cha chai

Kanuni ya kwanza ni kwamba mafuta ya kunukia hayapakwi mwilini yakiwa matupu. Huchanganywa kwanza na mafuta ya kawaida kama ya nazi, alizeti, simsim au parachichi.

Hesabu yake haihitaji mizani. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, ambazo ni sawa na takriban matone 100. Kwa hivyo tone moja ndani ya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi ni asilimia 1. Kipimo hicho kinatosha kwa ngozi ya uso. Kwa mgongo, mikono au miguu ya mtu mzima mwenye afya, matone mawili kwa kijiko yanatosha. Karafuu ni kali zaidi, kwa hivyo ipewe tone moja kwa vijiko viwili. Kuongeza matone hakuharakishi nafuu. Huongeza uwezekano wa ngozi kuungua.

Kabla ya kutumia mchanganyiko wowote kwa mara ya kwanza, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, na usubiri saa 24. Ngozi ikiwasha, ikiwa nyekundu au ikivimba, osha kwa sabuni na maji, na usiyatumie mafuta hayo tena. Mtu akishapata mzio wa mafuta fulani, mara nyingi hubaki nao maisha yake yote.

Yapo makosa matatu yanayojirudia nyumbani. La kwanza ni kudondoshea mafuta kwenye maji ya kuoga. Mafuta na maji havichanganyiki. Matone huelea juu na kugusana na ngozi yakiwa matupu, tena katika sehemu laini za mwili. Yachanganye kwanza na mafuta ya kawaida. La pili ni kupaka mafuta ya limau au ndimu kisha kwenda shambani. Yale yaliyokamuliwa kwenye maganda hufanya ngozi iungue kwa jua na kubaki na mabaka meusi. Ukiyapaka, epusha sehemu hiyo na jua kwa siku nzima. La tatu ni kujaza karafuu kwenye jino lililotoboka wiki baada ya wiki. Ni kweli karafuu ina ujenoli, kiambato ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu. Lakini haizibi tundu wala haiondoi usaha, na ikizidi huchoma ufizi. Inaweza kukuvusha usiku mmoja, ila kesho yake nenda kwa daktari wa meno.

Kwa wanaotaka tu nyumba inukie, tone moja au mawili kwenye kitambaa au pamba iliyowekwa mahali pa juu yanatosha. Fungua dirisha. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, harufu kali inaweza kumwamshia shambulio, hivyo ni heri kuacha. Wanaofuga paka na mbwa wajue kwamba titrii ni sumu kwa wanyama hao, hata inapopakwa kwenye manyoya kwa nia ya kuua viroboto.

Kujifukiza bila kuungua

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi ni desturi ya miaka mingi, na mtu mzima mwenye mafua anaweza kupata nafuu ya pua iliyoziba. Hatari kubwa zaidi mara nyingi ni sufuria yenyewe. Maji yanayochemka yakimwagika mapajani au kifuani huacha majeraha ya kudumu.

Mtu mzima anayetaka kujifukiza aipue sufuria kutoka jikoni, aiweke mezani mahali isipoweza kupinduka, angoje maji yaache kutokota, kisha atie matone 2 au 3 tu. Afumbe macho, na dakika 5 zatosha. Watoto wasijifukize na wasiwe karibu.

Kamwe usijifukize karibu na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Vilevile mafuta ya kunukia hushika moto upesi, kwa hivyo chupa isifunguliwe karibu na mwali wa jiko, mshumaa au taa.

Asiyetaka shida hiyo yote adondoshe tone moja kwenye leso na kuinusa kwa mbali.

Mtoto mchanga hahitaji mafuta haya

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Mtoto anapokohoa usiku, mzazi au nyanya hutafuta chochote cha kumsaidia, na chupa ya mkaratusi iko karibu. Nia ni njema. Hata hivyo, mafuta ya mkaratusi, minti na kafuri yanapopakwa puani, usoni au kifuani mwa mtoto mdogo, yanaweza kubana njia yake ya hewa na kumzuia kupumua, jambo lile lile ambalo mzazi alitaka kulizuia. Yasitiwe puani mwa mtoto kwa vyovyote vile. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, usitumie mafuta yoyote ya kunukia isipokuwa mhudumu wa afya amekuelekeza. Karafuu isipakwe kwenye ufizi wa mtoto anayeota meno.

Mtoto mwenye mafua ya kawaida husaidiwa na mambo mepesi: anyonyeshwe mara nyingi zaidi, avishwe nguo zenye joto, pua yake isafishwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, na asikae kwenye moshi wa jiko. Aliyepita umri wa mwaka mmoja anaweza kupewa maji ya uvuguvugu yenye asali kidogo. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Muhimu kuliko yote ni kumhesabia pumzi. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5, na hakuna mafuta yanayoitibu. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika moja nzima. Ni pumzi za haraka iwapo zimefika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku iyo hiyo. Akiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea, apelekwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Harufu ya mkaratusi inaweza kumfanya mzazi aamini kwamba kuna dawa inayofanya kazi, na saa hizo za kungoja ndizo zinazopotea.

Wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, wamwulize muuguzi wa kliniki kabla ya kutumia. Wenye kifafa wajiepushe na mkaratusi, kafuri na rozimari. Na kwa jumla, mtu yeyote asinywe mafuta ya kunukia, awe mtoto au mkubwa, hata kama muuzaji anasema yanasafisha tumbo.

Yakimezwa: dakika za kwanza

Ajali nyingi hutokea kwa njia mbili. Mtoto hupata chupa iliyoachwa wazi kitandani au dirishani. Au mzazi, akiwa na usingizi, huchukua chupa ya mafuta akidhani ni ya dawa ya kikohozi na kummiminia mtoto kijiko kizima. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumfanya mtoto mdogo asinzie sana, ayumbe, apoteze fahamu au apate degedege. Dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa. Mafuta ya karafuu yamewahi kuharibu ini la watoto walioyameza.

Likitokea, chukulia kama mafuta taa:

1. Usimtapishe. Mafuta yakirudi kooni yanaweza kuingia mapafuni, na hapo madhara huwa makubwa zaidi.
2. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Imani kwamba maziwa huua kila sumu si sahihi.
3. Mfute mdomo na umvue nguo zilizomwagikiwa.
4. Mpeleke hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima. Beba chupa yenyewe ili daktari aone ni mafuta gani na ni kiasi gani kimepungua.
5. Akipata degedege, mlaze ubavu na usimtie chochote mdomoni.
6. Piga simu ya dharura 999 au 112 kama huna usafiri.

Yakiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Yakimwagika kwenye ngozi na kuchoma, futa kwanza kwa mafuta ya kawaida, halafu osha kwa sabuni na maji.

Mahali pa chupa

Chupa ikae ndani ya kabati linalofungwa, juu kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kufika akiwa amepanda kiti. Isiwekwe pamoja na dawa ya kikohozi wala viungo vya chakula. Ibaki kwenye chupa yake ya asili na lebo yake, kizibo kikiwa kimekazwa, mbali na jua na jiko. Andika kwenye lebo tarehe uliyoifungua. Mafuta yanapokaa yakipata hewa hubadilika, na titrii iliyochakaa huwasha ngozi kuliko ile mpya. Yakizidi mwaka mmoja au miwili tangu kufunguliwa, au harufu ikibadilika, usiyapake tena.

Mwenye swali kuhusu mafuta aliyonayo nyumbani ayabebe, pamoja na lebo, hadi kwenye zahanati iliyo karibu, au amwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea boma lake. Lakini kazi ya kwanza haihitaji kumngoja yeyote. Leo jioni, kabla ya watoto kulala, tafuta chupa zote ndogo zilizo kitandani, dirishani na kwenye mkoba, na uzifungie mahali pa juu.